Kumi bora wote majina yanaanzia A: niliyojifunza kwa kuprinti vyeti vya shule Moshi

Nina duka la steshenari Moshi mjini, karibu na soko la kati. Nauza madaftari, kalamu, rimu, natoa kopi, nabaindi, nalamineti, kifupi chochote cha karatasi kinapita kwangu. Nilianza 2009 na mashine moja ya fotokopi ya mtumba iliyokuwa inatafuna karatasi kama ng'ombe wa mama mkwe wangu anavyotafuna migomba, na huyo ng'ombe ndo aliyeninunulia mashine maana ilikuwa hela ya maziwa. Hiyo tuiache.

Watu wanadhani sisi msimu wetu ni Januari. Januari ipo ndio, ila Januari mzazi wa huku kwetu anakuja kaunta kanuna, hela yote imeishia Krismasi kijijini, ndugu wamepanda toka Dar, mbuzi kaliwa, mbege imeisha, sasa anauliza bei ya kaunta buku ukimtajia anashika kichwa. Msimu ambao mteja anaingia anacheka ni wa zawadi. Agosti mpaka Oktoba ni mahafali, darasa la saba kisha kidato cha nne, hapo katikati kuna mock (mtihani wa majaribio), kata inapongeza, kanisa linapongeza, ukoo nao unapongeza, halafu mwisho wa Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka ni mabango tu. Basi mi naprinti vyeti, nachonga vibati vya vikombe, naagiza medali Dar (zile za kichina ukikwaruza na kucha rangi inatoka), nafunga zawadi kwa yale makaratasi ya maua. Kwahiyo hizi zawadi za wanafunzi bora nimeziona kwa upande ambao wengi hawauoni, upande wa anayelipwa. Na nimefanya kosa moja huko ambalo nikilikumbuka usiku nageukia ukutani.

Ilikuwa 2017. Shule ya msingi moja pembezoni mwa mji, ya serikali, ilikuwa na mahafali Jumamosi, siku chache kabla ya mtihani wa taifa wa darasa la saba. Mwalimu wa taaluma akaniletea flashi Ijumaa jioni, ndani kuna faili la Excel lina matokeo ya mock, watoto 71, wamepangwa kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Enzi hizo masomo yalikuwa matano, kila moja alama 50, jumla 250, siku hizi ni sita jumla 300. Anataka vyeti kumi vya kumi bora, na karatasi ya mshereheshaji ya kusomea majina. Akaniachia na kopi ya rejista ya darasa iliyoandikwa kwa mkono, akasema mama majina mengine kwenye kompyuta nimeyakosea naomba uyalinganishe na rejista, saa moja asubuhi napitia. Nikamwambia hamna shida mwalimu.

Umeme ukakatika saa moja jioni ile ile, ukarudi saa nne usiku. Nikakaa. Rejista imepangwa kwa alfabeti, faili limepangwa kwa nafasi, kila jina inabidi nilitafute juu chini, nikachoka, nikasema ngoja na mimi niyapange kwa alfabeti nimalize haraka nikalale. Nikachagua ile safu ya majina peke yake, nikabonyeza A mpaka Z, kompyuta ikaniuliza swali, mi nikabonyeza endelea bila kusoma. Anayeijua Excel hapo ameshashika mdomo. Majina yakajipanga vizuri kabisa na alama zikabaki palepale zilipokuwa. Yaani mtoto aliyepata 223 akashushwa huko chini na ile 223 yake ikabaki imekaa pembeni ya jina la mtoto mwingine. Nikalinganisha spelling zote sabini na moja, nikarekebisha, nikatoa vyeti kumi vya juu na orodha, nikaviweka kwenye bahasha ya kaki na kufunga duka nikijisifu kwamba hakuna steshenari Moshi nzima inayohakiki spelling kama mimi. Asubuhi mwalimu akapita na bodaboda, hakufungua hata bahasha.

Na mimi nilialikwa, maana nilikuwa nimetoa kaunta buku kumi kama mchango. Nikakaa kwenye turubai la wageni nyuma nyuma. Kwaya ikaimba, risala ikasomwa (madawati, vyoo, nyumba za walimu, risala zote ni ile ile moja), ikafika zawadi. Wanaanza kuita na wa kumi kupanda juu. Asia. Vigelegele. Anna. Anitha. Amina. Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti akasema naona shule hii A hazipo kwenye mtihani tu, zipo mpaka kwenye majina, watu wakacheka sana, na mimi nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Amani. Alex. Jasho likaanza kunitoka mgongoni na Moshi ya Agosti ile mnajua baridi yake. Mwalimu wa taaluma nilimwona amesimama kando ya meza ya zawadi kama mtu aliyegandishwa, akamwendea mwalimu mkuu akamnong'oneza, mkuu akatikisa kichwa kidogo, akaonyesha kwa mkono endelea. Mgeni rasmi yupo, picha zinapigwa, diwani anapiga makofi, utasimamisha vipi?

Walioshtuka mapema kuliko wote ni watoto wenyewe. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakaanza kuguna. Watoto wa darasa moja wanajuana nafasi kuliko Baraza la Mitihani. Wa kwanza kuliko wote akaitwa binti, hapa nitamwita Agape, akaenda mbele anageuka geuka anawaangalia wenzake, akapewa begi jipya na kamusi, mama yake akatoka kwenye turubai anacheza mpaka mbele na kanga yake akamfunika mtoto mabegani. Na yule wa 223, kijana ambaye jina lake linaanzia na W, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Bibi yake alikuwa ameshuka toka Uru, kavaa kitenge cha kanisani, miguuni ana kuku kamfunga ndani ya kikapu, baadae ndo nikaambiwa yule kuku alikuwa wa mwalimu, shukrani, kwa sababu mwalimu alimtumia ujumbe kabisa kwamba bibi usikose kuja, mjukuu wako ataitwa. Nilimwona anainama anamuuliza mtoto kitu sikioni. Mtoto akawa anaangalia viatu vyake.

Baada ya chakula mkuu akaniita ofisini. Sikuzunguka, nikamwambia kosa ni langu na nikamweleza lilivyotokea. Yule baba hakufoka, na ningependa angefoka. Alikaa kimya akasema Jumatatu mstarini tutawaita wale wa kweli, ila hawa walioitwa leo hatuwanyang'anyi kitu, wao hawajaiba. Nikaprinti vyeti kumi vingine, nikatoa kaunta buku zingine kumi, nikanunua begi na kamusi kwa hela yangu, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi W akaitwa mbele ya mstari, wenzake wakapiga makofi, hapakuwa na turubai wala kwaya wala picha. Bibi alikuwa ameshapanda Uru toka Jumamosi, na kikapu chake. Kuku alimwacha. Yaani hata baada ya yote kuku alimpa mwalimu.

Jumanne yake nipo kaunta anaingia mama Agape, anauza ndizi soko la Mbuyuni, kashika kile cheti kwa vidole viwili kama kinaungua. "Dada, nifanyie ile ya plastiki, nyumbani kwangu panavuja." Mi nikiwa na kile cheti mkononi, nafasi ya kwanza, jumla 223, na nimekiandika mwenyewe. Nilitaka kumwambia. Nikakiweka kwenye mashine kikapita, kikatoka cha moto kinang'aa, akauliza shilingi ngapi nikasema elfu moja na mia tano kama wengine, maana ningesema bure angeuliza bure ya nini. Akalipa kwa sarafu.

Toka hapo mashariti yangu ni magumu na walimu wananilalamikia. Sipangi orodha ya mtu. Cheti hakitoki dukani mpaka mwalimu mwenyewe akae hapa kwenye stuli, tusome jina kwa jina, yeye kwenye karatasi yake mimi kwenye kioo, halafu asaini. Wa WhatsApp anayenitumia picha ya orodha imekunjamana gizani namrudishia. Kuna mwalimu mmoja wa Kibosho aliniambia we mama unataka nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya vyeti vinane? Nikamwambia ndio nataka.

Mengine niliyoyaona. Hundi kubwa za maboksi. Hizi ziliingia sana miaka fulani, kila mfadhili anataka apigwe picha ameshika hundi yenye urefu wa mlango. Nilitengeneza moja ya milioni moja, ya mwanafunzi bora wa kidato cha nne wa shule fulani, jina la mfadhili silitaji. Ikapigwa picha, sherehe ikaisha. Kama miezi mitano mbele akaja mzee mmoja toka Old Moshi, amepanda nayo daladala, hebu fikiria hilo boksi ndani ya daladala, konda alimtoza abiria wawili, akaiegemeza kwenye kaunta yangu akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, wameniambia wewe ndo umeitengeneza hii. Inatolewa benki gani?" Alikuwa ameshazunguka benki mbili. Huko kwenye moja walinzi walicheka. Mtoto alishachaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine akaripoti kwa mkopo wa kikundi cha mama yake, wakijua milioni inakuja. Nilimpigia aliyenipa oda, simu ya kwanza akasema lipo kwenye mchakato, ya pili hakupokea. Sijui iliishaje. Sasa hivi mtu akitaka hundi ya boksi namwandikia MFANO kwa chini herufi kubwa, anayekataa aende duka lingine, wapo wengi tu Moshi.

Mabango nayo. Jumapili ya tarehe 29 Januari 2023 Baraza la Mitihani likatangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022 na kusema hakuna tena kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora kitaifa. Yaani habari za TO (Tanzania One, yule wa kwanza kitaifa) kwisha. Nikamwambia kijana wangu wa dukani biashara ya mabango imekufa hapo. Wapi! Wiki ile ile shule zikaanza kujipigia hesabu zenyewe, huyu kapanga kwa wastani, huyu kwa idadi ya wani (daraja la kwanza), huyu kaziondoa shule zenye watahiniwa wengi, nikaprinti mabango matatu ya shule tatu na zote ni za kwanza. Mi sio mkaguzi, nikaprinti. Ila sikulia sana kwa kufutwa kwa kumi bora, maana nilishaona jinsi wakuu wa shule walivyokuwa wanakuja hapa wamekonda kisa wameshuka toka nafasi ya nne mpaka ya tisa, wakati watoto waliopata hayo matokeo ni wengine kabisa na wa mwaka jana walishaondoka, unamlinganisha nani na nani sasa. Kuna baba alikuja mwenyewe na hela yake, mwanae kapata wani ya 17, anataka bango la kufunga getini kwake Pasua. Wasiojua, wani inaanzia pointi 7, yaani A saba, inaishia hiyo hiyo 17, pointi moja mbele ni tuu, daraja la pili. Kijana wangu akataka kucheka, yule baba akasema wani ni wani, andika HONGERA MWANANGU. Nililifanya kwa bei ya chini na nikiri ni bango nililolipenda kuliko yote mwaka ule.

Kikombe kimoja nimekiuza mara mbili. Kijana wa kidato cha pili aliingia na kikombe kwenye mfuko wa rambo, akauliza mama unanunua hiki, nikakigeuza nikaona kibati nimechonga mimi, wa kwanza Fizikia. Anataka kaunta buku nne. Nilimuuliza shule walikupa na nini kingine, akasema kikombe na makofi. Kikombe shule walinunua kwangu elfu kumi na nane, kwa hela hiyo wangeweza kumpa kaunta buku nne na mkebe na chenji ikabaki. Nikampa kaunta buku, kibati nikakibandua nikamrudishia akae nacho, kikombe kikaenda shule nyingine mwaka uliofuata. Kama ni dhambi nilishaitubu.

Siku hizi shule nyingi wameongeza zawadi ya aliyepanda, yaani alikuwa wa 60 kawa wa 25, na hiyo mi naiunga mkono japo nayo ina ujanja wake, mwalimu mmoja alinisimulia kuna mtoto alifeli makusudi jaribio la Machi ili apande la Juni. Mwanangu mwenyewe hajawahi kupanda wala kushuka, alikaa nafasi ya arobaini na kitu miaka saba mfululizo kama mtu aliyelipia siti. Alikuwa anakaa hapa dukani jioni anakata vyeti vya wenzake kwa ile kisu cha karatasi, na sikuwahi kufikiria anajisikiaje mpaka siku aliponiuliza mama, hivi ukiprinti kimoja na jina langu nani atajua? Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Mteja wangu ninayemheshimu kuliko wote kwenye haya mambo ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kibosho. Huyu hajawahi kuninunulia kikombe. Kila mwaka selekisheni ya kidato cha tano ikitoka anakuja na fomu ya kujiunga ya mtoto mmoja, anajua mwenyewe kampataje, kafaulu vizuri kapangiwa mbali, Tabora, Songea, huko. Anaitandika kwenye kaunta anavaa miwani tunaanza kutiki. Rimu. Kaunta buku. Mkebe. Kalamu boksi. Vya kwangu vikiisha anatoka anaenda kutafuta godoro, ndoo, shuka, fyekeo, tranka la bati, na nauli anampa mtoto mkononi siku ya safari stendi. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, ni kweli, lakini fomu ya kujiunga haijafutwa, na watoto wa wani kabisa nimewaona wanaripoti wiki tatu baada ya wenzao kwa sababu ya godoro. Nilimuuliza mbona hafanyi sherehe hata ndogo, mwalimu hata picha moja? Akasema nikimpiga picha atanidai maisha yake yote, au mimi ndo nitamdai. Akauliza kama rimu zimeshuka bei.

Basi, 2022 mwezi wa saba hivi, nipo dukani akaingia msichana na bahasha anataka kopi za vyeti, anaomba chuo cha afya. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, lete. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa, na katikati kuna kitu kigumu cha plastiki. Kimeanza kuwa njano pembeni. Nikakisoma na miguu ikaisha nguvu.

"Na hiki cha darasa la saba nikitolee kopi?"

Akacheka akaziba mdomo. "Aaah mama, achana nacho, mama yangu ndo anakiweka humo, kila bahasha anakitumbukiza. Mi nilijua siku ile ile kwamba wamekosea. Hesabu nilipata 14."

Nikamuuliza sasa mbona hukusema. Akasema ningesemaje na mama ameshafika mbele anacheza.

Nikamwambia. Sijui kwanini siku ile na sio nyingine, dukani palikuwa hamna mtu, nikamweleza yote, umeme, rejista, safu ya majina, kubonyeza endelea. Alisikiliza amekunja mikono, hakuonekana kukasirika, alikuwa kama anapiga hesabu ya kitu. Akaniuliza, "Na yule W, umeshawahi kumwambia? Maana bibi yake mpaka anafariki aliamini mjukuu wake alimdanganya nafasi."

Sikuwa najua kama bibi amefariki. Nikageukia mashine nikaifungua mfuniko nikaufunga tena, nikamuuliza anataka kopi ngapi ngapi. Akasema tatu tatu, kasoro hicho.